Alisema Nakuja

Nilikuwa nimeshaandika ALI kwa rangi nyekundu dada yangu aliposukuma mlango wa karakana na kuniambia niweke brashi chini.

Kazi yangu ni kuandika mabango. Maduka yote ya mtaa wetu yanatambulika kwa mkono wangu, hata la mchinjaji, ambaye hadi leo hajui kwamba yule ng'ombe mwenye uso wa kununa nilimchora siku aliyonicheleweshea malipo. Lakini kitambaa kile kilikuwa cha maandamano ya mchana, na vijana walioniletea walitaka neno moja tu: ALIUAWA. Nami nilitaka hilohilo.

Aliyekufa ni mtoto wa dada, kwa hiyo ni mwanangu. Mtaani tulimwita Kinanda kwa sababu hakujua kunyamaza. Akinyoa ndevu anaimba, akifunga viatu anaimba. Jioni alitoka kwenda kununua balbu ya ukumbini. Asubuhi akakutwa ananing'inia mtini, kwenye bustani iliyo ng'ambo ya reli, wanakoishi weupe, mahali ambapo sisi weusi hatukatizi bila kuulizwa tumefuata nini. Siku hiyohiyo polisi wakatangaza kwamba alijiua.

Tangu hapo mtaa haukukalika. Wenye maduka waliteremsha milango ya chuma mapema, akina mama wakawafungia watoto ndani, na magari tusiyoyajua yakaanza kupita polepole mbele ya nyumba zetu. Nyuma ya ghala vijana walikusanya chupa na petroli. Wazee walitusihi tuzike upesi na tunyamaze, tusije tukachomewa nyumba. Niliwaitikia kwa heshima, lakini moyoni niliwaona waoga. Nilikuwa na hasira ya kunikosesha usingizi na, niseme kweli, nilikuwa naipenda.

"Unaandika nini?" dada aliuliza.

"Kilichotokea."

"Kwani ulikuwepo?"

Niliweka brashi juu ya kopo. Akakaa juu ya ndoo ya rangi, akanieleza kilichomtoa nyumbani. Msemaji wa polisi alikuwa amesema redioni kwamba marehemu alikuwa amechanganyikiwa akili, na ushahidi ni maneno yake ya mwisho. Nikakumbuka siku dada alipohojiwa. Afisa alikuwa mweupe aliyejifunza lugha yetu darasani, na alijivunia kuisema. Alimuuliza kijana alisema nini alipokuwa anatoka. Dada akajibu, alisema nakuja. Afisa akauliza tena: alikuwa anatoka au anakuja? Anatoka, dada akamwambia, ndiyo maana akasema nakuja. Yule bwana akatikisa kichwa kwa huruma na kuendelea na maswali mengine.

Nilicheka, na kicheko kikaishia kwenye machozi. Nani kati yetu hajasema nakuja akiwa mlangoni, ameshatupa mgongo? Hilo ni neno la mtu anayerudi. Ukilisikia, chai yake humwagi, unaifunika. Dada aliifunika. Kikombe bado kiko mezani na kisahani juu yake, na hataki mtu akiguse.

"Ukiandika aliuawa, watanitaka nithibitishe," alisema. "Mwili wanao wao, daktari ni wao. Mimi ninachokijua ni kwamba mwanangu alikuwa anarudi. Andika hicho. Halafu tutamtaka daktari mwingine, asiye wao, kabla kaburi halijachimbwa."

"Na huyo akisema alijiua?"

"Nitalia. Lakini nitakuwa nalilia jambo ninalolijua."

Nilikuwa mgumu kukubali. Neno langu lingewasha mji mzima. Lake lilikuwa neno la kwenda dukani. Nikazitazama zile herufi tatu, ALI. Neno la polisi lilianza nazo, langu lilianza nazo, na mwanetu hakuwa ametamka lolote kati ya hayo mawili. Nikachovya brashi na kuendelea: SEMA NAKUJA.

"S yako imelewa," dada alisema.

"Imekesha," nikamjibu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Vijana walinung'unika walipoona bango, kisha wakalisoma tena na kulinyanyua. Chupa zilibaki nyuma ya ghala. Wazee nao wakatokea, wamefunga vifungo vya makoti hadi shingoni, na mmoja akaomba ashike upande mmoja wa kitambaa. Tukavuka reli. Mapazia yalichezacheza madirishani, na mwenye duka la mikate akafunga mlango haraka. Niliogopa sana, lakini miguu haikusimama.

Mkuu wa kituo cha polisi alitusubiri ngazini, nyuma yake askari wenye ngao. Kando yake alisimama yule afisa, akitafsiri. Dada akasema anachotaka: daktari mwingine, na mwili usizikwe kwanza. Mkuu akajibu kwamba faili limefungwa, tutawanyike, twende nyumbani.

Nilidhani dada atapiga kelele. Mkononi nilikuwa nimeshika mti wa bango kwa nguvu.

"Haya," alimwambia yule afisa, kwa upole. "Tunakuja."

Akageuka, akaondoka. Mzee wa pembeni yangu akasema tunakuja, akageuka. Vijana wakasema. Nami nikasema. Mtaa mzima ukasema na kuwapa mgongo, bila haraka.

Nyuma yetu nikamsikia mkuu akiuliza tumesema nini. Nikageuza shingo. Afisa aliitazama migongo yetu inayokwenda, akalitazama bango, na hakutafsiri.