Mitungi Mbele ya Gari la Zimamoto

Akina mama wenzangu wa Kathonzweni, kiangazi kimerudi na nimeona mitungi imeanza kupangwa tena pale kwa gari la zimamoto. Ndiyo maana naandika.

Msichana wangu Mutindi ni mzimamoto wa kaunti. Alipokosa alama za yunivasiti alienda chuo cha ufundi upande wa Kwa Vonza, na mimi nilijua anasomea upishi. Siku ya kumaliza masomo nikamwona akishuka ghorofani kwa kamba, mtu mzima begani. Nikapiga mayowe mpaka mwalimu wake akaniletea soda. "Tulia, mama. Hilo ni gunia la mchanga tumelivisha suruali."

Tangu siku hiyo sijatulia. Gari likilia king'ora, naacha sufuria motoni nakimbilia barabarani.

Sasa, mnajua desturi yetu. Mtungi ukishawekwa kwenye foleni, huo ni mtu. Unaenda kuuza ndengu zako, unarudi, unaukuta palepale. Anayegusa mtungi wa mwingine ametafuta vita.

Kiangazi kilichopita, siku ya soko, gari lilikuwa limeegeshwa, nyuma yake ukuta wa stoo, tumboni limejaa maji. Kufikia saa nne mitungi ilikuwa imejipanga mbele yake.

"Mutindi," Kalekye akaita, "nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Debe moja tu!"

"Aunti, haya maji ni ya kuzima moto."

"Moto gani? Sisi ndio tunaungua na kiu!" Watu wakacheka. Akanigeukia. "Mama Mutindi, hebu ongea na mtoto wako. Ama akivaa hiyo kofia anasahau kwao?"

Kabla sijajibu, simu ya dereva Nuhu ikalia. Duka la Ndolo linaungua, na mama yake, ambaye hatembei, yuko chumba cha nyuma.

Nuhu akawasha gari, akapiga honi. Watu wakasogea. Mitungi ikabaki.

"Toeni hii mitungi!" Nuhu akafoka.

"Huu ni wa Katunge."

"Katunge ako wapi?"

"Ameenda kusaga."

Hakuna aliyeinama. Moshi tulikuwa tunauona, mweusi, juu ya mabati. Na mimi nimesimama hapo, moyo unaniambia gari likikwama mtoto wangu haingii ndani ya ule moto. Mutindi alikuwa ameruka chini, anatupa mitungi kando peke yake, na lile koti zito linamshika magoti.

"Mwaitu," akaniambia, yaani mama kwa Kikamba, alivyokuwa akiniita akiwa mdogo, "kuna bibi wa watu kule."

Nikaupiga teke mtungi wa Katunge. Nikashika miwili ya Kalekye, nikairusha.

"Umegusa mtungi wangu!"

"Nimegusa! Nipige baadaye."

Njia ikafunguka, gari likaondoka na mtoto wangu. Nililifuata mbio, leso imeanguka sijui wapi. Nilipofika, Mutindi alikuwa ameshaingia. Niliita majina yote ya Mungu ninayoyajua. Kisha akatokea kwenye moshi amembeba mama Ndolo begani, na mara hii halikuwa gunia, kwa maana lilikuwa likikohoa.

Mama Ndolo yuko hai, lakini miguu iliungua vibaya. Nuhu alisema tungefungua njia mara ya kwanza alipopiga honi, huenda isingeungua. Kwa hivyo nawaomba, wekeni mitungi kisimani, wekeni kanisani, si mbele ya hilo gari. Na kama umeikuta hapo, usiulize ni ya nani.

Jioni hiyo Mutindi alikuwa amechoka hata kushika kijiko alishindwa. Nikamlisha muthokoi mimi mwenyewe, mtu mzima hivyo, nikimpulizia kwanza.

"Mwaitu, kesho niko zamu."

"Nimesikia," nikamwambia. "Fungua mdomo."