Kikombe Chekundu cha Shukuru

Kina mama wenzangu mnaopenda kusimamia usafi wa watoto wa watu, someni haya kabla hamjaaibika. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kwenye magonjwa ya wenzangu huwa najipa udaktari mkuu.

Kwenye madrasa ya mtaani kwetu, hapa Mwembesongo, aliletwa mtoto anaitwa Shukuru, ameshuka na bibi yake kutoka milimani. Wiki ya pili tu akaanguka kifafa, povu mdomoni, na mwanangu Mansuri amekaa naye mkeka mmoja! Nani aliniambia kifafa kinaambukiza kwa mate, sikumbuki, ila nilimwamini kuliko nesi yeyote.

Nikachukua kikombe cha bati, nikakipaka rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikampelekea Ustadh Mwinshehe.

"Hiki cha Shukuru peke yake."

"Kwa nini, Mama Mansuri?"

"Usafi tu, Ustadh."

Akakiweka kwenye ndoo ya maji pamoja na vingine. Nikarudi nyumbani natembea kama mheshimiwa.

Baada ya miezi miwili Shukuru akaanguka tena. Nikakusanya kina mama sita, tukaenda kudai aondolewe. Nilisema mengi, mengine ya kitabibu, nimeyatunga mwenyewe njiani. Nikamalizia, "Na yeyote aliyenywea kikombe kile, aondoke naye!"

Ustadh akamwita mwanangu. "Mansuri, unanywea kikombe gani?"

"Chekundu."

"Tangu lini?"

"Tangu mama alivyokileta. Anayesoma sura bila kukosea ndiye anakinywea. Shukuru anatushinda sana, ila juzi nilimpata."

Watoto wakapiga kelele: hata mimi, hata mimi! Darasa zima lilikuwa limekinywea, na wote ni wazima. Mama Nasra, niliyekuja naye mwenyewe, akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya shoga, sheria ni yako. Anza na wako."

Ustadh hakucheka. "Haki ya huyu mtoto kusoma ameitoa Mungu. Siku tukiulizwa kwa nini tulimfukuza, utajibu wewe?"

Nikageuka nitafute njia ya kutoka.

Shukuru alikuwa mlangoni, amesikia yote. Juzuu yake keshaifunga kwenye kitambaa.

"Shikamoo mama. Niondoke sasa hivi, au tukishaswali?"

"Marahaba. Huendi popote, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alimtazama Ustadh kwanza, maana neno langu alishalijua uzito wake. Nikavua ndala, nikaingia, nikakaa chini kwenye mkeka mbele ya wote, nikampisha nafasi. Mansuri, miaka minane, akaanza kunisomesha: "Mama, akianguka mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Kaa naye tu mpaka azinduke." Watoto wote walijua, Ustadh alishawafundisha. Daktari mkuu ndiye hakujua.

Shukuru akaja, akakaa, mbali kidogo.

Baadaye nilimsindikiza na bibi yake hospitali, nikaambiwa kwa masikio yangu kwamba kifafa hakiambukizi. Dawa anameza, anasoma vizuri. Ila akinikuta madrasa bado anakaa mbali kidogo, na mimi simsogelei. Nasubiri asogee mwenyewe.