Hasi Moja ya Kaka

Kaka yangu alikuwa seremala, mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, na kwa miaka miwili tuligombania aljebra ya kijiometri kama watoto wanaogombania mto mmoja. Yeye aliishia kidato cha pili. Aliiokota kwenye simu akisubiri gundi ikauke, ikamwingia kichwani ikagoma kutoka.

"Mwalimu," alikuwa akinitania, "nyinyi mnazidisha mishale miwili, hizo vekta zenu, mnapata namba tu. Huku unapata na kipande bapa, kina mwelekeo wake. Ukibadili mpangilio wa mishale, alama inageuka, chanya inakuwa hasi."

"Kaka, anza na vekta, uje matriki, ndipo uende huko. Unapaka vanishi mbao hujazikata."

"Mtu akate kadibodi, aizungushe mkononi, ndipo aandike. Mimi najifunza hivyo."

Hatukuafikiana. Mwaka jana akaniletea daftari jipya, kurasa tatu zimejaa, penseli ingali sikioni, akaniomba nimsahihishie. Mezani nilikuwa na rundo la mitihani. Ukurasa wa tatu alikuwa ameandika kwamba kipande bapa cha mraba, kila upande moja, kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe kinatoa hasi moja. Eneo mara eneo, likawa hasi? Sikufuata hatua zake. Nikapiga mkasi mwekundu, alama ya kosa, na kuandika pembeni: Haiwezekani. Rudia. Nilijiona mjanja kweli.

Tangu siku hiyo hakulitaja daftari tena. Nikadhani amesalimu amri, na, niseme ukweli, nilifurahi.

Alifariki mwezi uliopita. Moyo ulisimama ghafla akiwa anapiga randa. Jumamosi nilikwenda kumsaidia wifi, mke wa kaka, kufungasha vitu vya karakana, naye akatoa daftari lile kwenye droo ya misumari.

"Hili lako, wifi. Alikuwa halali bila kulishika. Alisema kuna kosa uliliona, yeye bado hajalipata."

Nikaketi kwenye benchi lake. Ndani ya daftari kulikuwa na vipande viwili vya kadibodi, vimekatwa mfano wa mishale. Nikafanya alivyonielekeza siku zote zile. Mshale ukizidishwa na kipande chake unageuka robo ya mzunguko. Ukizidishwa tena unageuka robo nyingine, na sasa unatazama nyuma. Hiyo ndiyo hasi moja. Mwanafunzi wangu yeyote angeiona kwa dakika mbili.

Nikafunua ukurasa wa nne. Swali lile lile, jibu lile lile, na juu ya jibu mkasi, wa penseli. Wa tano vivyo hivyo. Nilihesabu kurasa thelathini na nane, kila mmoja kwa njia yake, baadhi kwa matriki zangu, alizojifunza peke yake ili anifikie. Kila mara alipata jibu sahihi, na kila mara alijipigia mkasi mwenyewe, kwa sababu mimi nilisema haiwezekani.

Nililia mpaka wifi akaacha kufunga masanduku.

"Kosa lenyewe lilikuwa wapi?" akauliza.

"Hakukosea. Alipatia tangu siku ya kwanza."

"Si ungemwambia," wifi akasema.

Nikatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, nikaanza kuweka alama ya vema, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Wifi alichukua ufagio, akafagia maranda kuzunguka miguu yangu.