Mstari wa Akina Baba

Ubao wa Habari wa shule yetu ni wangu mimi. Walimu wanafundisha, mpishi anapika, mlinzi anasinzia, na mimi karani naandika habari kila Jumatatu na kuzibandika nje ya ofisi: nani kashinda mbio, darasa gani limegoma kufagia, mbuzi wa nani kaingia tena kwenye bustani yetu ya mchicha. Shule ni ndogo, ya kutwa, watoto mia moja na kidogo, huku Susuni, na kila mtoto anarudi kwao jioni. Nikiandika kitu asubuhi, usiku kinaliwa pamoja na ugali kwenye kila boma. Kwa hiyo sina pa kujificha: nilijua ninachokifanya.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Selestine, ni mtu wa Karagwe. Ana mwaka mmoja hapa. Ni mwema, mpole, ila akiona jambo kwenye simu yake, basi hatupumui. Safari hii aliona shule moja upande wa Kenya imefanya Siku ya Akina Baba. Akaja ofisini anacheka peke yake.

"Agustina, na sisi tufanye! Jumamosi. Kila baba aje na kifaa cha kazi yake, asimame mbele na mtoto wake, atueleze anafanya nini. Tutatoa vyeti."

"Na wasio na baba?"

"Watakuwa na mstari wao, mstari wa walezi. Hatumwachi mtu."

Nikaandika tangazo, nikalibandika, watoto wakalipokea kwa vigelegele.

Balaa lilianza Jumatano tulipokuwa tunajaza vyeti. Mwalimu anasoma daftari la wanafunzi, mimi naandika kwa mwandiko wangu mzuri. Akafika kwa Nice wa darasa la tatu, akavua miwani.

"Hapa baba wa mtoto ni Nyangwine. Lakini pembeni imeandikwa marehemu, 1999. Mtoto kazaliwa 2016. Hii imekaaje?"

Jamani! Hata mtoto wa darasa la kwanza angemjibu. Mzee Nyangwine alikufa akamwacha mke wake bila mtoto wa kiume. Mwanamke wa namna hiyo, kwetu sisi Wakurya, hakai akilia. Anachukua ng'ombe zake, anaoa. Ndiyo, anaoa. Bibi Nyangwine alitoa ng'ombe kumi na wawili akamwoa binti anayeitwa Ghati, na watoto anaowazaa Ghati ni wa nyumba ile, kwa jina la nyumba ile. Mwanamume aliyesaidia kuwapata hana haki juu yao. Sisi tunaiita nyumba ntobhu. Kwa mazoea Nice anamwita bibi, lakini ukiuliza baba wa mtoto huyu ni nani, utaonyeshwa huyo huyo aliyetoa ng'ombe.

Maneno hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza.

"Itakuwa makosa ya kuandika, mwalimu," nikasema.

Kwa nini? Aibu. Aibu ya nini, nitaifikia, usinisukume.

Mwalimu akachukua kalamu, akalikata lile jina. "Basi atasimama na walezi. Andika: mlezi, bibi." Nikaandika. Mchana nikabandika majina ya mistari yote miwili kwenye ubao, na Nice akajikuta kwenye mstari mfupi.

Kesho yake, kabla hata chai ya walimu haijachemka, Bibi Nyangwine alikuwa dirishani kwangu. Miguu yake ilikuwa na umande hadi magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Subiri kwanza. Mlezi ni nani?"

"Ni mtu anayemtunza mtoto, bibi."

"Hata kuku wangu nawatunza." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Nilitoa ng'ombe nikapata nyumba. Wewe umenitoa kwenye nyumba kwa kalamu. Mtoto jana hakula. Mwenzake kamwambia hana baba, kaandikwa ubaoni. Ananiuliza, bibi, mimi uliniokota wapi?"

"Si mimi, bibi, ni mwalimu mkuu. Si mtu wa huku, hajui."

"Na wewe? Wewe nawe ni wa Karagwe?" Akanikazia macho. "Agustina wa Robhi. Huyo mwalimu wako anajua wewe umezaliwa nyumba gani?"

Nikajifanya natafuta kalamu. "Bibi, njoo tu kama mlezi. Ni siku moja tu."

"Kuja nitakuja. Lakini kwenye mstari huo sisimami, na mtoto wangu hasimami."

Akaenda zake. Kuitikia shikamoo yangu hakuitikia. Hapa kwetu mtu mzima akikunyima marahaba, amekunyima kitu kikubwa.

Sasa hiyo aibu. Robhi ndiye baba yangu. Bibi Robhi, mwanamke, aliyemwoa mama yangu kwa ng'ombe zake mwenyewe. Alinibeba, akanilimia, akanisomesha. Nilipopata nafasi ya bweni Musoma, alinisindikiza, sanduku langu kichwani kwake kutoka stendi mpaka getini. Wasichana wa pale, wa mjini wale, wakaniuliza, yule ni nani wako? Nikasema, jirani. Bibi Robhi alikuwa hatua mbili tu nyuma yangu. Akatua sanduku, akafuta jasho, akasema, "Haya, mtoto wa jirani, soma kwa bidii." Akageuka. Likizo nilirudi, akanipikia, hakulitaja. Mimi pia sikulitaja. Miaka minne sasa yuko kaburini, na lile neno bado liko kwangu.

Jumamosi ikafika na jua lake. Akina baba wakaja wengi kuliko tulivyotarajia. Fundi Kisyeri alikuja na mwiko na pima maji, wa bodaboda na helmeti yake, na Deus anayefanya kazi mgodini akatoka Genkuru alfajiri na kofia yake ngumu, mtoto wake kaivaa inamfunika mpaka puani. Tulicheka sana. Upande wa pili walisimama walezi, watu wanne, kimya.

Bibi Nyangwine akaingia amevaa koti la marehemu mumewe, mabuti ya mvua, na fimbo ya kuchungia mkononi. Nice kamshika koti kwa mikono miwili. Wakapita mbele ya walezi bila kusimama, wakaenda kwenye mstari wa akina baba. Fundi Kisyeri hakuuliza kitu. Alisogea tu, akawapa nafasi.

Mwalimu Selestine akashika kipaza sauti, kwa upole wake. "Mama yangu, samahani. Mstari wa walezi ni ule kule."

"Mimi ni baba."

"Tunaelewa, mama. Umekuwa kama baba kwake, na tunakupongeza..."

"Si kama," alisema Bibi Nyangwine.

Nice alianza kulia, kile kilio cha kuficha uso. Mwalimu akageuka, maskini, ananitafuta. "Agustina, hebu mweleze mama."

Kutoka mezani kwangu hadi kwake ni hatua kama kumi. Nilizitembea zote nikitamani mvua inyeshe. Nikachukua kipaza sauti.

"Mwalimu, mama haelezwi. Ni wewe ndiye wa kuelezwa, na ni mimi niliyekunyima. Yale hayakuwa makosa ya kuandika. Nilikudanganya. Huyu ndiye aliyetoa ng'ombe, huyu ndiye baba yake Nice, na hapa hakuna asiyejua isipokuwa wewe."

"Ni tata wake huyo, baba yake kabisa, mwalimu!" fundi Kisyeri akadakia. "Ng'ombe hao nilisaidia kuwaswaga mimi!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinipa nguvu ya kumalizia. "Nilikudanganya kwa sababu hata mimi nimezaliwa nyumba kama hiyo. Baba yangu ni Robhi. Alikuwa mwanamke. Nilimkana mchana kweupe, na alinisikia."

Nililia mbele ya wazazi, mbele ya watoto, na kipaza sauti kikanisaidia kulia, mpaka Deus akaja akakizima.

Mwalimu Selestine akachukua cheti cha Nice, akakilaza juu ya goti lake, akaomba kalamu. Akakata neno mlezi, akaandika baba. "Samahani, baba," akamwambia Bibi Nyangwine, na hakuwa anatania. "Karibu utueleze kazi yako."

Bibi akainua fimbo. "Kazi yangu ni ng'ombe. Naamka nao, nalala nao. Ndio walionipa huyu." Akamwekea Nice mkono kichwani. "Nimemaliza."

Walishangilia mpaka mbuzi wa mchicha wakakimbia.

Jumatatu niliandika habari kama kawaida. Akina baba waliohudhuria, mmoja mmoja, na watoto wao, Nice na Bibi Nyangwine wakiwa juu kabisa, maana ubao ni wangu. Chini, baada ya jina la mwisho, nikaongeza mstari mmoja: Karani Agustina, baba yake Robhi, ambaye hakuwa jirani.

Mwalimu Selestine akapita, akasoma, miwani mkononi. "Hii nayo ni makosa ya kuandika?"

"Hapana, mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia darasani.

Saa nne watoto walipotoka kunywa uji, nikamwona Bibi Nyangwine mbele ya ubao. Yeye hajui kusoma. Nice alikuwa anamsomea, kidole juu ya kila neno, polepole, mpaka akafika mstari ule wa chini. Bibi akamwambia arudie. Akarudia.

Kisha bibi akaja dirishani kwangu, akaegemea fimbo yake. Nikafungua mdomo nimwamkie, akanizuia kwa kiganja.

"Ile ya Alhamisi ninayo bado," akasema. "Marahaba, mwanangu."