Kipanya Tumboni kwa Baba Mkwe

Zilibaki dakika kumi na mbili kabla ya saa kumi na moja, saa ambayo chuo cha ukunga kingefunga kupokea maombi ya masomo ya jioni, na mshale kwenye skrini ulikuwa umesimama tuli kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Mama Kibonge alisukuma kipanya kushoto. Akakisukuma kulia. Kijitaa chake chekundu kiliwaka vizuri tu, lakini mshale wapi! Yalibaki maswali mawili. Mwaka mzima wa kungoja ulikuwa umekwama hapo, na Kibonge mwenyewe, wa miezi minane, yuko mgongoni anamvuta sikio.

"Kichomoe ukirudishe," alisema mama mkwe.

Akakichomoa, akakirudisha. Wapi.

"Kipulizie."

Akakipulizia hadi akaona nyota.

"Basi kompyuta imechoka. Kongwe hii! Izime ipumzike."

"Mama, hii ikizimwa leo inawaka kesho."

Hapo akaingia baba mkwe, karani wa stoo mstaafu. Kompyuta ilikuwa zawadi yake ya kustaafu, na kwa kuienzi, jana tu alikuwa ameiwekea meza yake kioo kipya, kinene, kinachong'aa hadi unahesabu nywele za pua yako. Tangu Mama Kibonge ataje habari ya kusoma, mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alikohoa. Wiki tatu za kukohoa.

"Nani kaniharibia mali yangu?" Akanyakua kipanya, akakisugua tumboni, kwenye shati lake la mirabaraba.

Mshale ukaruka.

Wakatazamana. Mzee akakirudisha mezani: kimya. Tumboni: mshale huo, mbio!

"Kimekupenda," mama mkwe akasema.

"Si mapenzi, mama, ni hicho kioo. Kinang'aa mno, kijitaa hakioni kitu. Kinataka penye mistari. Baba, samahani sana, tuazime shati."

Mzee akashika vifungo kwa mikono yote miwili. "Nikae kifua wazi mbele ya mkwe wangu? Nimekosa nini mimi?"

"Basi lala nalo hapo mezani! Waya wenyewe mfupi. Panda, mzee, dakika saba hizo!" mama mkwe akaamuru.

Dakika saba si muda wa kuitisha kikao. Mzee alivua viatu, akapanda, akalala chali kando ya kompyuta, miguu ikining'inia, macho darini. Mama Kibonge, ambaye hata chai humwandalia baba mkwe macho yakiwa chini, alishika kipanya kwa ncha za vidole akakipitisha juu ya kitambi.

"Inatekenya!" Mshale ukarukia pembeni.

"Jikaze, mtu mzima wewe!" mkewe akamkemea.

Swali la kwanza likapita. La mwisho liliuliza: Je, nyumbani una mtu wa kukuunga mkono katika masomo? Ndiyo juu, Hapana chini.

Sasa tatizo likawa pumzi. Mzee akivuta, mshale unapanda kwenye Ndiyo. Akishusha, unateremka kwenye Hapana. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Mama Kibonge akabofya, ikashika Hapana.

"Kumeandikwa nini huko?" mzee akaliuliza dari.

Akamsomea, sauti ikififia kila neno. Mzee hakukohoa.

"Nibane pumzi wapi?"

"Ukishavuta, Baba. Hapo hapo."

Akavuta, akabana. Mashavu yakavimba, uso ukaiva, jicho moja likatoa chozi. Mama Kibonge akabofya Ndiyo, akateleza taratibu kuelekea kitovuni, kwenye Tuma. Akabofya.

Maombi yako yamepokelewa.

Mzee akaachia pumzi, karatasi zikapeperuka hadi mlangoni, miguuni kwa mumewe Mama Kibonge, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Akamtazama baba yake pale mezani. Wakamweleza yote, kwa zamu na kwa kukatizana.

"Sasa kwa nini hamkuweka tu kitabu chini ya kipanya?" akauliza.

Mama mkwe akageukia dirisha.

"Kitabu kingebana pumzi?" mzee akajibu kutoka mezani. "Nishusheni, mgongo umekufa ganzi. Na hayo masomo yakianza, mtoto msimpeleke kwa watu. Mimi jioni sina kazi."