Ngazi ya Chumba cha Nyuma

Nyumba yetu ya Ibanda ilijengwa kama nyumba nyingi za Bukavu. Ukiwa barabarani unaona nyumba fupi ya kawaida, yenye mlango mmoja. Ukizunguka nyuma unakuta ardhi imeteremka ghafla, na dirisha la chumba cha nyuma liko juu sana, juu ya kipande chembamba cha shamba tulichopanda mateke, yaani magimbi, na mbele yake ziwa. Chini ya chumba hicho kuna ghala, lakini mlango wake uko nje, hakuna njia ya kutoka humo kuingia ndani ya nyumba. Anayelala chumba cha nyuma akitaka kutoka, lazima apite nyumba nzima mpaka barabarani.

Jambo hilo sikulifikiria mpaka mwaka wa pili wa vita vya pili, nyumba moja ya mtaa wetu ilipoungua mchana. Moto ulianzia mlangoni. Madirisha yote yalikuwa na antivol, zile nondo tulizochomelea sote baada ya uporaji wa vita vya kwanza ili wenye bunduki wasiingie. Wenye bunduki hawakuingia. Mama wa nyumba ile na mtoto wake hawakutoka.

Niliporudi kutoka mazishini nilisimama kwangu nikatazama. Chumba cha mbele, kilicho karibu na mlango, tulimpangisha Théodore, kijana aliyeuza esanse, yaani petroli, kwa chupa kando ya barabara. Bidoni zake, yale madumu ya esanse, zilikaa chini ya kitanda. Nilimwomba azitoe nje. Akanijibu kwamba cha nje ni cha wanajeshi, na papa Lydie, jina aliloniita kwa binti yangu, anajua hivyo. Nilijua.

Na chumba cha nyuma alikaa mkwe wangu, mama wa mke wangu Yolande. Alikuwa amekimbia kutoka kwao Luhwindja mapigano yalipofika kwenye machimbo. Jina lake sikulitaja wakati ule na hapa sitalitaja. Mimi na yeye hatukuzungumza ana kwa ana. Kwetu mwanamume hamkazii macho mama wa mke wake. Akipita sebuleni, mimi nilitazama kalenda ukutani. Nikiwa na neno nilimpa Yolande ampelekee, hata kama sote watatu tulikuwa tumeketi hapo hapo, na jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Nikaanza kutengeneza ngazi.

Ngazi ya mbao ingeibwa, au ingetumiwa na wezi kupanda. Nilitaka ngazi inayokaa ndani, inayokunjwa, inayoteremshwa na mtu mmoja. Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Mimi nilikuwa katibu wa shule, na nilichojua juu ya vyuma nilikijua kwa kufungua vitu vilivyoharibika na kuvifunga tena. Nilikata vyuma bapa vya vitanda vya zamani, vipande vifupi, nikaviunganisha kwa misumari minene inayozunguka, kila kiungo na kipago chake cha kukanyagia. Ikikunjwa, vipago vililaliana na ngazi yote iliingia ndani ya kesi tupu ya chupa za bia. Ikitupwa dirishani ilijifungua yenyewe kwa kelele. Juu ilikuwa na kulabu mbili za kushika kizingiti. Antivol ya dirisha lile niliikata upande mmoja, nikaitia bawaba na komeo la ndani.

Ilikuwa na kasoro moja. Kwa kuwa ilikuwa na viungo vingi, ilicheza. Lazima mtu asimame chini kati ya mateke, aivute na kuikaza. Hilo halikunisumbua, maana mimi nilikuwepo.

Jumapili baada ya misa tukaijaribu. Binti yetu Lydie alishuka akicheka, akataka kurudia. Yolande alijifunga kitenge cha pili, akashuka taratibu. Ikawa zamu ya mkwe wangu. Alifika dirishani, akachungulia chini nilipokuwa nimeshika, akarudi ndani.

Yolande alikuja kuniambia, "Anasema vipago viko vyembamba."

Nikavipanua. Jumatatu jioni akachungulia tena, akarudi tena.

"Anasema chuma iko baridi."

Nikakata mpira wa ndani wa gurudumu, nikazungushia kila kipago. Théodore alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango akinitazama.

"Bonjour, enjenia," alisema. "Ile kitu utauzia nani? Waporaji? Watafurahi sana, hawatachoka tena kupanda."

"Ni ya kushuka," nikasema.

"Papa Lydie, ngazi haijuake kama mutu anapanda ao anashuka."

Nililifikiria neno hilo siku mbili. Kisha komeo la antivol nikaliongeza unene.

Jumatano mkwe wangu alichungulia kwa mara ya tatu. Yolande akaleta ujumbe kwamba ngazi inacheza. Huo ulikuwa ujumbe wa kweli, nikaupokea kwa furaha. Nikamwambia Yolande amweleze mama yake kwamba sitaiachia hata kidogo, nitaikaza kwa mikono yote miwili, na nitakuwa nikitazama juu muda wote, nimfuate kwa macho kipago kwa kipago mpaka afike chini. Yolande alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Hata hivyo akaenda. Mkwe wangu hakukaribia dirisha tena siku hiyo.

Kosa langu lililofuata lilikuwa la kutaka utaratibu. Nilisema, kwa kupitia Yolande, kwamba asiyeweza kushuka ngazi hawezi kulala chumba kile. Nilikuwa nafikiria moto tu. Lakini angelala wapi? Sebule ilikuwa imepakana na bidoni za Théodore. Chumba kingine kilikuwa chetu, na kumlaza mkwe kwenye kitanda cha binti yake na mume wake si jambo la kutamkwa. Kwa hiyo nilichosema, bila kujua, kilikuwa ni kumwambia aondoke.

Naye akasema ataondoka. Jumamosi kulikuwa na kamioni ya kwenda upande wa Mwenga. Atapanda hiyo, arudi Luhwindja.

Habari za huko tulizisikia kila wiki. Leo waasi wanashika kilima, kesho watu wa msituni wanakirudisha, na kila anayefika anauliza kwa nini uliwapikia wale wa jana. Nyumba ya mkwe wangu haikuwa na mlango tena. Na ngazi niliyoitengeneza ili asife ndiyo ilimpeleka huko. Nilijaribu kuona nimekosea wapi. Nilikagua kila kiungo, nikapaka grisi, nikaning'inia mwenyewe nikiwa na mfuko wa simenti mgongoni. Ngazi haikuwa na tatizo. Kuchanganyikiwa kwangu kulizidi.

Alhamisi nilimkuta Yolande jikoni.

"Mama anaogopa nini?"

"Haogopi kitu."

"Basi ngazi iko na nini?"

"Ngazi haina kitu."

"Sasa?"

Aligeuza majani ya sombe, yaani kisamvu, kwenye chungu. "Venant, mi nitasema nini? Kuko mambo mutoto hawezi kusema juu ya mama yake. Na kwako wewe mukwe, njo hawezi kabisa."

Nilitoka pale nimeelewa kwamba mkwe wangu ana ugonjwa. Goti, au mgongo, au kitu cha kike ambacho mkwe hapaswi kukijua. Nikaona haya kwa kuwa nilimsumbua mgonjwa. Nikaketi nikachora kiti, ubao mmoja wenye kamba mbili na kapi juu ya dirisha. Yeye angeketi tu, mimi ningesimama chini na kumshusha polepole. Yolande alipouona mchoro alicheka mpaka akakaa chini.

"Unataka kumushusha kama mufuko ya makala ya kupikia? Na wewe uko pale chini unangojea?"

"Nani mwingine atavuta kamba?"

Alifuta machozi ya kicheko, kisha yakaja mengine ambayo hayakuwa ya kicheko. "Kesho kutwa anaenda," alisema. "Na mi sijui nimuzuie na nini."

Ijumaa shule ilifungwa mapema, maana kulikuwa na uvumi wa askari mjini. Nilipitia kijia cha pembeni, nikashuka moja kwa moja kwenye mateke nikiwa na nyundo na nondo mbili. Nilitaka kuzipigilia ardhini niifunge ngazi hapo chini, ipunguze kucheza. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, nondo ya kwanza ilizama ikalala. Juu nilisikia Yolande na mama yake wakifunga mizigo, na Lydie akiuliza maswali.

Kisha nikasikia sauti kama ya mlango mkubwa unaofungwa na upepo, upande wa barabara. Baadaye Théodore alieleza kwamba alikuwa akimimina esanse, na mbabula ya jirani, jiko lenye makaa ya moto, ilikuwa imewekwa karibu na mlango, upande ule ambao hakuutazama. Wakati ule mimi nilisikia sauti tu, na watu wakiita. Nilipanda kijia mbio. Mlango wetu ulikuwa moto mtupu. Nikarudi chini nikikimbia na kuanguka.

Dirisha lilikuwa wazi. Yolande alikuwa ameshafungua antivol. Ngazi ilikuja chini kwa kelele yake, nikaidaka, nikaikaza. Lydie alishuka kwanza, hakucheka safari hii. Nikamweka pembeni.

"Mama sasa," Yolande alisema ndani.

Mkwe wangu akafika dirishani. Moshi ulianza kutoka nyuma yake, mwembamba, wa kijivu. Alishika kizingiti, akanitazama, na macho yetu yakakutana kwa mara ya kwanza tangu nioe. Akaacha kizingiti.

"Shuka, mama," nikasema. Nilikaza zaidi, nikainua uso nione mguu wake wa kwanza utakapokanyaga. Hakutoa mguu. Aliangalia mbali, juu ya kichwa changu, kama mtu anayesubiri mgeni aage.

"Mama, moshi," Yolande alikuwa akisema. "Mama, tafadhali."

"Tangulia wewe," alimjibu. "Mi niache."

Sikuelewa. Nilidhani ameona kiungo kilichovunjika ambacho mimi sikukiona. Nikapitisha macho upya kutoka juu mpaka chini. Vyote vilikuwa vizima.

Yolande akatoa kichwa dirishani, macho mekundu. "Venant. Geuka."

Nikageuza kichwa nikatazama nyuma yangu. Kulikuwa na mateke tu.

"Hapana. Geuka wewe mwenyewe. Angalia ziwa. Usirudishe kichwa mpaka nikuambie."

Nikageuka. Nilishika ngazi mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyefungwa, mgongo wangu ukiwa ukutani, na mbele yangu ziwa likiwa limetulia kabisa. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha chuma kikavuta mikononi mwangu. Uzito wake ukaja kwenye vidole, ukahama kulia, ukahama kushoto. Nilisikia mpira wa vipago ukilia chini ya miguu mitupu. Katikati uzito ukasimama. Nilitaka kutazama kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sikujua kama amekwama, kama kitenge kimenasa, kama anaanguka. Moshi ulishuka mpaka puani. Nilishikilia na kutazama ziwa.

Hapo ndipo jambo likaniingia, polepole kama kawaida yangu. Nilikuwa nimekagua kila kipande cha ngazi ile isipokuwa kimoja, na kipande hicho kilikuwa mimi: mwanamume aliyesimama chini ya mama wa mke wake, uso juu, akiahidi kutofumba macho.

Uzito ukahama tena. Nikasikia majani ya mateke yakivunjika kando yangu, na kitenge kikipita. Sikugeuka. Uzito mwingine ukaja, mwepesi, wa haraka, ukifuatana na kikohozi cha Yolande.

"Sasa," alisema.

Majirani walileta mchanga na mabeseni ya maji. Chumba cha mbele kiliungua chote, na sebule yetu ikaungua na paa lake. Moto ulizimwa ulipofika kwenye koridori. Théodore aliungua mikono yote, wakampeleka hospitalini.

Mkwe wangu walimkalisha kwenye kiti kilichotolewa na jirani, akinipa mgongo. Nami nilikaa kwenye jiwe, nikimpa mgongo pia. Yolande alisimama kati yetu, uso mweusi kwa moshi.

"Umuambie baba ya Lydie," mkwe wangu alisema kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, "ngazi yake haikuwa na shida hata siku moja."

"Amesikia, mama."

"Wewe umuambie tu."

Yolande akaniambia. Nikamwomba amwambie mama yake kwamba nimeelewa, na kwamba nasikitika. Hilo alilifikisha kwa kulifupisha.

"Na kamioni ya kesho?" Yolande aliuliza. Swali hilo halikuwa langu. Aliliuliza mwenyewe.

Mkwe wangu alifuta miguu yake matope kwa majani.

"Iende," alisema. "Njo nitapanda kamioni na hii miguu? Nitalala chumba yangu, kama bado kuko chumba. Ile ngazi nilishuka vibaya, kulikuwa moshi. Lundi, baba ya Lydie akienda kazini, tutajaribu tena."

Nikamwuliza Yolande ni nani atakayeshika chini Jumatatu, maana bila mtu wa kuikaza inacheza, na zile nondo bado hazijasimama.

Yolande alifuta masizi usoni kwa ncha ya kitenge.

"Venant," alisema, "hiyo si swali ya mukwe mwanaume."