Wanumidi na Kaburi la Gudud

Mpima ardhi wa Kirumi alifika bondeni kwetu zeituni zilipoanza kuiva. Namgidde, mwenye shamba, aliwakuta wasaidizi wa mpima wakichomeka vijiti vya kupimia katikati ya mizeituni yake.

"Bonde hili ni la Wanumidi, mama," mpima alimwambia. "Wagiriki ndio waliowaita hivyo, wahamaji wanaofuata mifugo, nasi tukachukua jina kwao. Mhamaji hupewa malisho. Mashamba watapewa askari wastaafu."

"Hao Wagiriki walituona lini?"

"Zamani sana."

"Basi waliona watu wengine. Mimi hata mbuzi wangu hawajui njia ya kisimani, huletewa maji zizini."

Mpima hakucheka, wala hakumfukuza. Namgidde akamwonyesha rundo la mawe kwenye pembe ya shamba. Kwetu, aliyepanda miti huzikwa pembeni mwa miti yake, na pale alilala babu yake, Gudud.

"Kaburi likiwa pembeni, sheria yetu hulihesabu kuwa mpaka, na shamba huwa la wenye kaburi," mpima alisema. "Lakini rundo la mawe hata mchungaji huliacha. Nataka kuona mifupa."

Yasuktan, kaka yake Namgidde, alisimama mbele ya mawe. Makaburi ya wazee ndiyo tunayolala juu yake tukitaka shauri, nao hutujibu ndotoni; hakuna anayeyafukua.

"Thubutu," alisema. "Heri tukachunge mbuzi."

"Kachunge wewe. Mimi nina miti."

Namgidde alitandika shuka juu ya mawe, akajilaza palepale juani, akafumba macho. Mpima akaketi kivulini kumsubiri.

Alipoinuka alisema, "Babu amekubali. Ila kila jiwe lirudi mahali pake."

Wakafukua. Gudud alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, kama tunavyozika, na bakuli la udongo kando yake. Mpima aliinama, akatazama kwa muda, kisha akaamuru vijiti ving'olewe. Kwenye ramani yake alichora shamba la Namgidde, na juu ya bonde zima akaandika Wanumidi, kama ilivyokuwa.

Alipokwisha kuondoka, ndugu wale wawili walianza kurudisha mawe.

"Babu alisemaje hasa?" Yasuktan aliuliza.

"Hakusema kitu. Sikupata hata lepe la usingizi. Yule mtu alikuwa anakohoa tu."

Yasuktan akabaki na jiwe mikononi.

"Sasa?"

"Liweke hapo kichwani kwa Babu," Namgidde alisema. "Taratibu."